Sita Juu, Nne Kando

Nianze kwa kusema kweli: ile mashine sikuipenda. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimetumwa kuisifu. Miaka kumi na tisa nilikaa mbele ya ubao wa simu wa mji wetu wa Tamarack, waya mkononi, kisikilizio sikioni, na mji mzima ulipita kwangu. Watu hawakuhitaji namba. Mtu aliinua simu akasema, "Leota, nipe duka la dawa," nami nikampa, na kama mwenye duka alikuwa ametoka kwenda kula, nilimwambia asubiri nusu saa. Nilijua nani ana mimba kabla mumewe hajajua.

Tulikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Msimamizi wetu, mwanamke mkavu kama biskuti, alitufundisha siku ya kwanza kwamba kengele ikilia lazima ijibiwe. Simu isiyojibiwa, alisema, ni mgeni uliyemwacha mlangoni kwenye theluji. Sheria hiyo iliniingia mwilini. Hata nyumbani, birika likianza kupiga mluzi, mdomo wangu ulikuwa unajiandaa kusema hallo.

Halafu kampuni ikaamua kwamba simu zitajiunganisha zenyewe. Wenzangu wanane wakaagwa kwa keki na leso za kushonwa, wakaenda zao wakilia. Mimi nikabakizwa peke yangu kwenye meza moja kando ya dirisha, nijibu wanaouliza namba na wanaolalamika, na nipanguse vumbi. Pamoja na makreti yaliyoleta mashine akaja fundi wake, Orrin Tackett, mtu mrefu mwembamba, mifuko ya sweta imejaa brashi, anayezisemesha swichi zaidi kuliko anavyowasemesha binadamu. Siku ya pili tu alishanipa jina.

"Bi. Hallo," aliniambia, "umeshika hicho kitambaa kama unamkosha mtoto wa mke mwenzio. Polepole, mama. Hizo ni shaba."

"Na wewe uzifunge nepi basi," nikamjibu.

Tukawa marafiki hivyo hivyo.

Chumba cha mashine kilikuwa ghorofani, chenye madirisha marefu yanayotazama mtaa mkuu. Swichi zilisimama safu juu ya safu hadi darini, kila moja na fimbo yake wima na vidole vyake vya shaba. Kulikuwa na mvumo usiokwisha, mwembamba, ambao baada ya wiki mbili huusikii tena ila unapotoka nje. Na juu ya mvumo huo, hapa na pale, tiki-tiki-tiki, fimbo ikipanda; kisha kimya; kisha nyingine kwa mbali, upande wa pili wa chumba. Asubuhi ya baridi, jua likiwa limelala juu ya zile shaba, nilisimama na kitambaa changu nikasinzia macho wazi. Mji ulikuwa unaongea mbele yangu bila kutamka neno.

"Njoo uone," Orrin aliniita siku moja majira ya baridi ya kwanza. "Huyu hapa ameinua simu yake sasa hivi. Kila nyumba ina kiswichi chake kidogo humu ndani, hiki hapa, kina ulimi. Akiinua tu, ulimi unachomeka na kumshikia swichi kubwa iliyo bure. Anazungusha tatu. Kisahani cha namba kinaporudi kinakata umeme mara tatu, na kila ukikatika fimbo inapanda ngazi moja. Tazama. Moja, mbili, tatu. Sasa vidole vinazunguka vyenyewe kutafuta njia isiyo na mtu. Vimepata! Sasa yuko kwenye swichi ya mwisho. Hii ndiyo inayokula namba mbili. Akipiga tano inapanda tano. Akipiga mbili inaingia kando mbili. Hapo ndipo nyumba ilipo. Kama pana maongezi, mpigaji anarudishiwa mlio wa kumkatalia. Kama hapana, kengele inalia."

"Na nani anamwambia kwamba wenyewe wamekwenda kanisani?"

"Hakuna."

"Na nani anampa pole kama sauti yake imekwama kooni?"

"Hakuna, Bi. Hallo. Ndiyo raha yake. Mashine haina masikio."

"Na hii fimbo inashuka lini?"

"Mpigaji akiweka simu chini. Yeye peke yake. Aliyepigiwa hana amri juu yake. Mpigaji asipoweka simu chini, itasimama hapo mpaka Yesu arudi." Akainua kijiti cha mbao kutoka mfukoni. "Au mpaka mimi nipite."

Maana alikuwa na raundi zake, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, hakosi. Alipita kati ya safu akitafuta swichi zilizosimama bure: mtoto amechezea simu, paka ameiangusha mezani. Alisikiliza, na kama hakuna mtu alichomeka kijiti kwenye waya wa nyumba hiyo, fimbo ikaanguka, chaka! Swichi inayosimama bila kazi ilimuudhi kama mtu anayeziba mlango wa duka.

Husemwa kwetu Indiana kwamba aliyebuni mashine hizi alikuwa mzika maiti, naye alizibuni kwa hasira, kwa sababu opereta wa mji wake alikuwa akiwapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Orrin aliipenda sana hadithi hiyo. Mimi nilisema kama ni kweli, basi mamia ya wasichana tumefukuzwa kazi kwa kosa la mmoja, na hadi leo nasema hivyo hivyo.

Nyumbani nilikuwa na Baba. August Dierking, miaka arobaini kwenye ghala la nafaka kando ya reli, mtu aliyebeba gunia kila bega huku akiimba nyimbo za Kijerumani. Mama, Minna, alikuwa fundi cherehani, chumba chake kipo mtaa mkuu juu ya duka la viatu la Voss. Mama alikufa mwezi wa tisa kwa homa ya siku nne. Kiangazi kilichofuata kiharusi kikampata Baba, kikachukua mkono wa kulia, mguu, na maneno yote ya lugha zote mbili. Kutwa alikaa kwenye kiti karibu na jiko, simu mezani ubavuni mwake ili aniite pakiwa na hatari, ingawa sijui angeniita kwa sauti gani. Jirani yetu Bi. Fenner alimletea supu mchana. Jioni nilirudi nikakuta supu iko vilevile, ina utando.

Daktari hakunificha. "Leota," alisema, "mwili wake una nguvu ya kuishi miaka mitano zaidi. Lakini hana anachokitaka. Usipopata kitu kimoja anachokifanya mwenyewe, kwa mkono wake, hatoboi majira haya ya baridi."

Nilimpa karata. Nilimpa maharage ya kuchambua. Nilimpa paka. Aliyatazama yote kwa upole, kisha akatazama dirisha.

Ilikuwa Novemba, theluji ya kwanza imeanguka, nami napangusa safu ya namba za mia tatu. Saa tisa alasiri swichi moja ya mwisho mbele ya pua yangu ikaanza kupanda. Ilipanda taratibu mno, kwa mwendo wa mtu anayepapasa ngazi. Sita juu. Ikanyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtu amekata tamaa. Kisha nne kando. Kengele ikaanza kulia huko ilikolia; kwetu ni kijiswichi tu kinachotetemeka. Mara sita. Fimbo ikaanguka.

Nikabaki na kitambaa hewani. Mia tatu, sita juu, nne kando ni tatu sita nne. Tatu sita nne ilikuwa namba ya Mama.

Chumba kile kilikuwa kimefungwa kwa kufuli zaidi ya mwaka. Cherehani imefunikwa shuka. Simu ilikuwa bado ukutani kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuing'oa, mimi wa kwanza.

"Mtu amekosea namba," Orrin alisema.

Kesho yake, saa tisa, sita juu, nne kando. Mara sita. Chaka.

"Anakosea kwa saa?" nikamuuliza. "Orrin, nataka kujua ni nani."

"Aa-aa. Hapana. Mashine haina masikio, na mimi niko upande wa mashine."

"Ni chumba cha mama yangu."

Alijikuna shingo kwa brashi. Nikaona aibu na fahari zinapigana usoni mwake, maana hapo nilikuwa nimemgusa palipo na ujuzi. "Njia inarudi nyuma, unajua," alisema mwishoni. "Mtu akiwa bado ameshika simu, swichi zake zote zimesimama. Unaanzia ya mwisho, unafuata waya wake hadi ile ya kwanza iliyoinua mkono ngazi ya tatu, na kutoka hapo unafuata hadi kwenye kile kiswichi cha nyumba. Ulimi uliochomeka ndio wake. Lakini milio sita ni nusu dakika na kidogo. Utakimbia, Bi. Hallo?"

"Nitakimbia."

Siku ya kwanza nilifika katikati ya chumba, swichi zikaanguka. Siku ya pili niligonga ngazi ya Orrin, akapiga yowe, zikaanguka. Siku ya tatu tuligawana: yeye akasimama kwenye swichi za kwanza, mimi kwenye viswichi vya nyumba. Saa tisa. Orrin akaanza kuita kwa sauti ya mnadani: "Imepanda tatu! Safu ya pili, ya saba kutoka kushoto! Waya wa juu! Nenda bodi ya pili, Leota, ya pili, siyo hiyo, mwanamke!"

Nikauona ulimi umechomeka. Chini yake kulikuwa na kibati chenye namba mbili moja saba.

Nilisoma mara mbili ingawa hapakuwa na haja. Ile ilikuwa namba ya nyumbani kwetu.

Jioni ile nilimpikia Baba kuku na tambi, nikakaa mbele yake. "Baba, unampigia Mama?" Aligeuza uso. Sikio lake moja likawa jekundu, kama la kijana aliyekutwa nyuma ya ghala na msichana. Nikaona kisahani cha simu kimefutwa vumbi, safi kabisa, kwenye matundu matatu.

Usiku sikulala kwa huruma. Nilimwona pale, anazungusha kwa mkono wa kushoto, amesahau kwamba mkewe amekufa, au anajua na bado anabisha hodi. Na hakuna anayemjibu! Baba yangu, mlangoni kwenye theluji. Mimi, binti yake, opereta wa miaka kumi na tisa, nimekaa mitaa mitatu kutoka kwake, mikono mitupu.

Asubuhi nilimwomba Orrin auhamishe waya wa tatu sita nne uje kulia mezani kwangu. Alikataa, nikamletea mkate na siagi ya tufaha, akakataa akitafuna, kisha akaenda na koleo lake kwenye fremu ya nyaya. "Dakika mbili za kazi," alisema, "na miaka miwili ya kujieleza wakinikamata."

Theluji ilikuwa inaanguka bila upepo. Saa tisa fimbo ikapanda. Kengele ya meza yangu ikalia, na kabla haijamaliza mlio wa kwanza nilishainua.

"Hallo? Baba? Ni mimi. Ni Leota, Baba. Niko hapa."

Nilisikia pumzi. Kisha sauti ikamtoka kooni, ya kwanza tangu kiangazi, na haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu wasiomhusu wamekaa sebuleni. Simu ikawekwa chini. Chaka, nyuma yangu.

Niliporudi, kiti kilikuwa kimegeuzwa kuelekea ukuta. Alikigeuzaje na mguu mmoja, sijui. Simu ilikuwa imefunikwa na shali ya Mama. Hakugusa chakula usiku huo. Kesho yake saa tisa swichi haikupanda, wala keshokutwa. Siku ya nne Bi. Fenner aliniambia hata maji anayatema. Mazoea yana taabu. Mkono wangu ulizoea kupokea, nao ukapokea kisichokuwa changu, na bado sikujua nilichokivunja ni nini.

Siku ya tano nilipeleka viatu vya Baba kwa Voss vikawekwe soli, sijui kwa nini, hakuwa akitembea. Labda nilitaka nafsi yangu idanganyike. Mama Voss alivipokea, akavigeuza, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, August ni mgonjwa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Sisikii kengele." Akaonyesha dari kwa nyundo ndogo. "Ile ya saa tisa. Nilishaizoea tena."

Nikashika meza. "Tena?"

"Hee! Wewe hujui? Si tangu mashine yenu ilipokuja! Saa tisa akitoka ghalani anampigia. Mara sita. Minna hapokei hata siku moja, mdomo wake umejaa pini, atapokeaje? Ikilia tu namsikia anainuka, tap tap tap, anakwenda jikoni, anaweka birika la kahawa. Baada ya dakika kumi August huyo ngazini na mabuti yake. Mume wangu alikuwa akisema, wazee hawa wanatongozana kwa kengele." Akacheka, kisha akaacha. "Kabla ya mashine hawakuweza. Simu ilipita kwako."

"Kwangu, ndiyo."

"Na wewe ungepokea."

"Ningepokea," nilisema. "Ningemwambia, Baba, Mama hapokei, nimpe ujumbe gani?"

"Ndiyo maana, mwanangu. Kila kitu cha nyumba yenu wewe ulikisikia. Hiki walikiweka chao." Alivifunga viatu kwa kamba. "Wiki hizi ilipoanza kulia tena nilimwambia mume wangu anyamazishe nyundo. Tunakaa tunaisikiliza mpaka iishe. Halafu naweka kahawa, mimi mwenyewe, siwezi kujizuia."

Nililia pale pale dukani, mbele ya mteja mwenye kiatu kimoja. Usilolijua ni usiku wa kiza. Nilidhani anabisha hodi, kumbe alikuwa akituma ujumbe, na ujumbe ulikuwa unafika bila mtu kuugusa. Mimi ndiye niliyeuziba.

Orrin aliurudisha waya siku hiyo hiyo. Alinitazama tu uso akachukua koleo.

Lakini Baba angejuaje? Hakutaka kunisikiliza, nilipoanza kusema alifumba macho. Basi Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa sakafuni kando ya kiti chake nikaiondoa shali. Nikauinua mkono wa simu na kuuweka kati ya sikio lake na langu. Nikazungusha tatu. Nikazungusha sita. Kisha nikatoa kidole changu na kungoja.

Muda ukapita. Paka akaamka, akajinyoosha, akalala tena. Mkono wa kushoto wa Baba ukasogea kwenye mguu wake, ukapanda mezani, ukapapasa matundu. Nne.

Ikalia. Mwili wangu wote ulitaka kusema hallo, ulimi ulikuwa tayari umegusa meno. Niliuma midomo. Ikalia, ikalia, katika chumba chenye kufuli, juu ya cherehani yenye shuka, na mtaa mzima chini yake umenyamaza kwa Jumapili. Hakuna aliyepokea. Mara sita. Baba akaweka simu chini mwenyewe, taratibu, akageuza uso akalitazama jiko.

Nikainuka nikaweka kahawa. Alikunywa kikombe kizima, na mkate.

Kuanzia Jumatatu ikawa desturi. Saa tisa, sita juu, nne kando. Nilikaa mezani mikono mapajani, nikihesabu.

"Hupokei, Bi. Hallo?" Orrin aliuliza siku ya kwanza.

"Sipokei."

"Makubwa," alisema, akaenda kuweka birika lake la kahawa juu ya jiko la mafuta. Baada ya hapo aliliweka kila siku saa hiyo, bila kunitazama.

Desemba ikapita, Januari ikapita. Baba alitoboa Krismasi, akatoboa baridi ile iliyopasua mabomba ya shule. Alikula. Alimkubali paka. Mimi, nikipangusa zile shaba, nilianza kusikia mambo ambayo ubaoni sikuwahi kuyasikia: nani anapiga namba haraka kwa hasira, nani anafika hadi namba ya pili anaacha, kila jioni, kwenye namba ileile. Sikufuata waya wa mtu tena. Mashine nilikuwa bado siipendi, lakini niliiheshimu kama unavyomheshimu mtumishi asiyepeleka maneno.

Na nilielewa maana ya ile milio sita. Ilikuwa neno moja tu tangu mwanzo. Nakuja, weka kahawa. Nilijua anamwambia nani, na nilijua siku moja litakuwa kweli. Nilimwomba Mungu asiwe na haraka.

Machi, theluji ikiwa imegeuka matope na maji yanadondoka kwenye mapaa ya mtaa mkuu, saa tisa fimbo ikapanda. Nilikuwa nimekaa dirishani, jua usoni. Sita juu. Kimya kirefu kupita cha siku zote. Nne kando. Nikahesabu bila kufikiri, moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita.

Saba.

Niligeuka. Nane. Swichi ilikuwa imesimama, inatetemeka kidogo. Tisa. Orrin alikuwa ameshika birika, naye aligeuka. Kumi. Kumi na moja.

"Amesinzia," alisema Orrin.

Nilikuwa nikizikumbuka fimbo zote nilizoziona zikianguka na kila mtu aliyeweka simu chini, maelfu kwa maelfu, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuweka simu chini nako ni kazi inayotaka mkono ulio hai.

Orrin aliweka birika chini. Alivua kofia yake. Kisha akachukua kile kijiti cha mbao kutoka mfukoni, akakiweka juu ya meza yangu. "Leo sipiti raundi," alisema. "Haitaguswa na mtu, Leota. Nenda. Itamngoja mpaka ufike."

Hakuniita Bi. Hallo. Kwa hilo nikajua naye amejua.

Nilitembea, sikukimbia. Nilipofika mbele ya duka la Voss niliisikia kengele, juu kule, nyuma ya kioo, inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza. Mama Voss alikuwa mlangoni na aproni yake, mkono kifuani. Moshi wa jiko lake ulikuwa unapanda, na harufu ya kahawa ilikuwa imefika hadi barabarani.

Baba alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelalia shali. Macho yamefumbwa. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, na mkono wa simu ndani yake, umeshikwa vizuri. Kutoka humo ilitoka sauti ndogo ya kengele, mbali sana.

Nikapiga magoti. Niliitoa simu vidoleni mwake kimoja kimoja, bado vilikuwa na joto, nikaiweka sikioni. Ilikuwa inalia. Nilisikiliza mlio mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Nakiri kwamba nilingoja muda mrefu, mimi mtu mzima ninayejua kila waya wa ile njia. Labda ingepokelewa.

Kisha nikaiweka chini. Orrin aliniambia baadaye kwamba fimbo ilishuka saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.